Udongo mmoja, hewa mbili: fainali za Świątek na Sabalenka zikitazamwa kutoka Bukavu

Tarehe 4 Mei 2024, mjini Madrid, Iga Świątek wa Poland alimshinda Aryna Sabalenka wa Belarusi 7-5, 4-6, 7-6 katika fainali ya tenisi iliyochukua saa 3 na dakika 11. Sabalenka alikuwa na pointi tatu za kumaliza mechi, zote zikampita. Wiki mbili baadaye, tarehe 18 Mei, wanawake hao hao walikutana tena katika fainali, tena kwenye udongo mwekundu, safari hii Roma. Świątek alishinda 6-2, 6-3. Wachezaji hawakubadilika, uwanja ni wa aina ile ile, na muda uliopita kati ya mechi hizo hautoshi mtu kujifunza pigo jipya. Mbona mechi moja ilikuwa vita na nyingine ikawa ya upande mmoja?

Watu wengi hujibu kwa neno moja: fomu. Lakini rudi nyuma kidogo uone. Wawili hao walikutana katika fainali ya Stuttgart mwaka 2022, kwenye udongo chini ya paa, Świątek akashinda 6-2, 6-2. Wakarudi Stuttgart mwaka 2023, akashinda tena 6-3, 6-4. Wiki mbili hivi baadaye wakakutana Madrid, na Sabalenka ndiye aliyeinua kombe: 6-3, 3-6, 6-3. Ukijumlisha na zile mbili za 2024 unapata fainali tano za udongo. Stuttgart na Roma, Sabalenka hakupata hata seti moja. Madrid, mara zote mbili, zilichezwa seti tatu, kila mmoja akatoka na kombe moja. Fomu ya mchezaji haipandi na kushuka kwa kufuata ramani namna hiyo. Kinachofuata ramani ni mwinuko.

Madrid iko mita 650 hivi juu ya usawa wa bahari. Roma iko karibu na bahari, na uwanja wake wa tenisi uko kando ya mto Tiber. Mtu wa Bukavu, mji wetu wa mashariki mwa Kongo, akisikia mita 650 anaweza kucheka, maana Ziwa Kivu peke yake liko kwenye mita 1,460, na ukipanda kutoka ziwani unavuka 1,500 bila kuhisi. Ukitaka kuonja hewa inayofanana na ya Madrid, shuka kwa Kamanyola hadi Uvira: Tanganyika iko kwenye mita 770 hivi. Kwa hiyo yale ambayo watangazaji wa Ulaya huyaita hali ngumu ya Madrid, huku kwetu ni nusu tu ya tunayocheza nayo kila Jumamosi. Ndiyo maana inafaa kuyaelewa vizuri: yanafungua fainali unayoitazama, na yanaeleza pia kwa nini mipira yako mwenyewe inatoka nje.

Tuanze na hewa yenyewe. Ukipanda, hewa inakuwa nyepesi. Madrid ni nyepesi kwa asilimia 6 hivi kuliko pwani. Bukavu na Goma ni kama asilimia 14. Lubumbashi ni kama 11. Mpira wa tenisi ni mwepesi, una gramu 56 hadi 59.4, umevikwa manyoya yanayoshika hewa, kwa hiyo hewa ndiyo breki yake kubwa. Chukua sevisi, yaani pigo la kuanzisha pointi, inayotoka kwenye raketi kwa kilomita 180 kwa saa. Kwa hesabu ya kukadiria, pwani inagusa chini ikiwa na kama 124, Madrid, 127, Bukavu, 131. Tofauti inaonekana ndogo. Lakini anayerudisha sevisi hana hata nusu sekunde kabla mpira haujadunda, na kila chembe inayopungua inatoka kwenye muda wake wa kugeuza mabega.

Kazi ya pili ya hewa ndiyo inayomwumiza Świątek, na ndiyo ambayo wengi hawaijui. Mpira unaozungushwa kwa kwenda mbele, ule ambao makocha wetu wanaozungumza Kifaransa huuita lift, hushuka kwa sababu mzunguko wake unasukumana na hewa na hewa inauteremsha. Hewa ikipungua, ule mkono unaouteremsha unalegea. Pigo la mkono wa mbele lenye mzunguko mzito, lililopimwa kudondoka ndani ya mstari wa nyuma pwani, Madrid linaweza kwenda mbele zaidi kwa kama nusu mita. Bukavu linaweza kupita mita moja. Hayo ni makadirio, lakini yeyote aliyetoka mji wa pwani akacheza hapa siku ya kwanza ameyaona kwa macho: pigo lile lile, mkono ule ule, na mpira unagonga uzio.

Jambo la tatu ni mdundo. Mpira wa kawaida una gesi iliyobanwa ndani. Kinachoufanya uwe mgumu ni tofauti kati ya presha ya ndani na ya nje. Pwani hewa ya nje ina hektopaskali 1,013. Kwenye mita 1,500 inabaki na 845 hivi. Gesi ya ndani haijaongezeka, lakini anayeibana kutoka nje amepunguza nguvu, kwa hiyo mpira unajaza kifua na kudunda juu zaidi. Kwenye udongo, ambao tayari unaupandisha mpira, unafika begani, wakati mwingine sikioni.

Sasa weka wachezaji wetu wawili ndani ya hewa hiyo.

Świątek anashika raketi kwa namna iliyogeuzwa sana, kiganja kikiwa karibu chini ya mpini, na mkono wake wa mbele unakwangua mpira kutoka chini kwenda juu kwa kasi kubwa. Huo ndio mzunguko uliompa kombe la Roland Garros, mashindano makubwa ya udongo ya Paris, mara nne: 2020, 2022, 2023 na 2024. Mahali penye hewa nzito mpira wake unapita juu kabisa ya wavu, unaporomoka ghafla karibu na mstari, kisha unaruka. Mpinzani analazimika kurudi nyuma na kupiga akiwa ameegemea visigino. Pigo hilo lina gharama yake: mzungusho wa raketi ni mrefu na unataka muda wa kujipanga. Madrid inamnyang'anya kidogo kila upande. Mpira unashuka kwa kuchelewa, na wa mpinzani unamfikia mapema.

Sabalenka, mwenye urefu wa mita 1.82, anapiga karibu na bapa. Mpira wake unapita chini, karibu na wavu, na unategemea kasi kuliko mzunguko. Kwenye udongo wa pwani kasi hiyo inakatwa mara mbili, kwanza na hewa na kisha na msuguano wa unga wa matofali, na Świątek, ambaye miguu yake ni ya ajabu, anaufikia mpira wa tatu, wa nne, hata wa tano. Ndipo Sabalenka anapojaribu kupiga kwa nguvu zaidi, na makosa yanaanza kumiminika. Madrid breki ya kwanza imelegezwa. Pigo ambalo Roma lingerudishwa, Madrid linakuwa pointi. Sabalenka alikuwa ameshinda Madrid mara tatu kufikia mwisho wa 2025: mwaka 2021 dhidi ya Ashleigh Barty, 2023 dhidi ya Świątek, na 2025 dhidi ya Coco Gauff. Roma hakuwa ameshinda hata mara moja. Świątek ni kinyume chake: Roma mara tatu, Madrid mara moja tu, na hiyo moja aliipata kwa kuponea pointi tatu za mechi.

Kwangu mimi ushindi ule wa Madrid 2024 ni mkubwa kuliko kombe lolote alilobeba Roma, kwa sababu aliupata pale ambapo silaha yake ilikuwa imepungua makali.

Hapo inafaa kugusa kidogo mpangilio wa pointi, maana anayetoka kwenye mpira wa miguu hushangaa mtu kushindwa akiwa ameshikilia mechi mkononi. Tenisi haina saa ya kulinda bao. Wanawake hucheza seti mbili kati ya tatu. Seti inataka gemu sita na tofauti ya mbili; gemu ni mfululizo wa pointi ambao mchezaji mmoja tu ndiye anayepiga sevisi. Ikifika 6-6 inaamuliwa kwa taibreki, wa kwanza kufika 7 akiwa mbele kwa pointi mbili. Mwenye sevisi ana faida, kwa hiyo seti kwa kawaida huamuliwa na nani amevunja sevisi ya mwenzake, yaani ameshinda gemu ambayo mwenzake ndiye aliyepiga sevisi. Mahali pa juu sevisi inapata nguvu, kuvunja kunakuwa kugumu, na ndiyo maana 7-5 na 7-6 ni matokeo ya kutarajiwa. Taibreki ya Madrid iliisha 9-7.

Kuna jambo dogo kuhusu taibreki hiyo ambalo halitajwi. Katika mashindano makubwa kwa kawaida mipira hubadilishwa baada ya gemu 7 za kwanza, kisha kila baada ya gemu 9, kwa kuwa mazoezi ya kupasha mwili huhesabiwa kama gemu mbili. Piga hesabu hiyo juu ya fainali ile. Seti ya kwanza ilikuwa na gemu 12, ya pili 10, ya tatu ilifika 6-6: jumla 34. Mabadiliko huangukia baada ya gemu ya 7, 16, 25 na 34, yaani pale pale mlangoni mwa taibreki. Lakini kanuni inakataza kubadilisha mipira taibreki inapoanza. Kama mpangilio uliotumika Madrid ulikuwa huo, pointi zilizoamua fainali zilichezewa mipira yenye umri wa gemu tisa, manyoya yamevimba, kasi imepungua. Mipira mizee inamfaa anayezungusha na kurudisha. Mpira mpya katika hewa nyepesi unamfaa anayepiga bapa. Siwezi kusema kwamba hilo ndilo lililoamua, ila anayetazama fainali bila kuhesabu mipira mipya anakosa nusu ya picha. Kwa mpangilio huo, gemu ya 8, ya 17 na ya 26 ndizo za kukazia macho: tazama nani anapiga sevisi wakati kopo jipya linafunguliwa.

Mwinuko hauelezi kila kitu, na atakayekuuzia hivyo anakudanganya. Roma 2024, kabla ya fainali, Sabalenka alikuwa ametibiwa mgongo katika mechi ndefu dhidi ya Elina Svitolina. Hali ya hewa nayo inaweza kugeuza mambo mahali pa chini pia. Katika nusu fainali ya Roland Garros 2025 paa lilifungwa, Sabalenka akamshinda Świątek 7-6, 4-6, 6-0. Chini ya paa hakuna upepo wala manyunyu ya kuulowesha udongo, na anayepiga bapa anapata alichokuwa anakitafuta Madrid. Siku mbili baadaye, tarehe 7 Juni, fainali dhidi ya Coco Gauff ilichezwa paa likiwa wazi na upepo ukivuma. Sabalenka alishinda seti ya kwanza 7-6, akapoteza zilizofuata 2-6, 4-6, akiwa na makosa 70 ya kujitakia; Gauff alikuwa na 30. Mpira unaopita vidole vichache juu ya wavu hauna nafasi ya kusamehewa upepo unapouyumbisha. Gauff alipitisha wake juu, akakimbia, akaacha upepo ufanye sehemu ya kazi.

Na unyevu? Wengi husema hewa ya mvua ni nzito. Hewa yenye unyevu kwa kweli ni nyepesi kidogo kuliko kavu. Kinachopunguza kasi ni mpira wenyewe, ambao manyoya yake yananyonya maji, pamoja na unga wa udongo ulioloa, ambao unaushika mpira unapodunda. Mtu wa Bukavu anayecheza mwezi wa Novemba kisha mwezi wa Julai anazijua hali zote mbili, hata kama hajawahi kuzipa jina.

Tugeukie sasa uwanja wako. Kosa la kwanza linalofanywa huku ni la dukani: kununua mpira wowote ulioandikwa jina la kampuni kubwa. Kanuni za kimataifa zinaruhusu mipira maalumu kwa mahali palipo juu ya mita 1,219. Bukavu na Goma ziko juu kabisa ya kiwango hicho. Lubumbashi iko karibu na mpaka wenyewe. Mpira wa kawaida, ukiangushwa kutoka sentimita 254 kwenye sakafu ngumu, unatakiwa kupanda kati ya 135 na 147. Ule wa mwinuko umetengenezwa upande kati ya 122 na 135 katika vipimo vya pwani, ili ukifika juu urudi kwenye mdundo wa kawaida. Kopo lake huandikwa High Altitude. Ipo pia mipira isiyo na presha, inayodunda kwa ugumu wa mpira wenyewe. Kwa mashindano, kanuni inataka ikae siku 60 au zaidi kwenye mwinuko wa mahali pa mchezo kabla ya kutumika.

Kupima si kazi. Tafuta ukuta wenye sakafu ya saruji mbele yake. Kwa utepe wa fundi cherehani weka alama kwa chaki kwenye sentimita 254, 147 na 135. Mmoja apande kiti na kuuachia mpira bila kuusukuma, sehemu ya chini ya mpira ikiwa sawa na alama ya juu; mwingine achuchumae macho yakiwa usawa wa alama za chini, asome pia sehemu ya chini ya mpira unapofika kileleni. Rudia mara tatu kwa kila mpira. Ukipita 147, utakuwa unapigana nao uwanjani. Usipofika 135, umekwisha, ubaki wa mazoezi ya watoto. Wengine hufungua kopo la mipira ya kawaida siku kadhaa kabla ili gesi ipungue. Inasaidia, lakini kila mpira unavuja kwa mwendo wake, na utajikuta na mipira mitatu yenye tabia tatu. Ipime kabla ya kuichanganya.

Kosa la pili ni nyuzi. Anayekaza raketi kwa kilo 23 mahali pa chini ajaribu 24 au 25 huku juu. Nyuzi zilizolegea zinautupa mpira kama kitanda cha chemchemi. Zilizokazwa zinautoa kwa adabu zaidi. Usiruke kilo tatu nne kwa siku moja, kiwiko kitalipa.

Kosa la tatu liko mkononi, nalo ndilo gumu kurekebisha. Mipira ikianza kutoka nje, mchezaji anaogopa na kupunguza kasi ya raketi. Raketi ikipungua kasi, mzunguko unapungua. Mzunguko ukipungua, hakuna cha kuuteremsha mpira. Unatoka nje tena, naye anaogopa zaidi. Tazama Świątek katika Madrid ile ya 2024: alipobanwa hakulegeza mkono. Dawa ni kuacha kasi kama ilivyo na kupunguza urefu wa mpira juu ya wavu. Wavu una sentimita 91.4 katikati, kama umezoea kuupita kwa mita moja na nusu, lenga chini ya mita moja. Fupisha pia mwanzo wa pigo, raketi isirudi nyuma ya mwili, kwa sababu mpira unafika mapema. Na uamue mapema kuhusu mdundo: ama uingie uupige ukiwa unapanda, usawa wa kiuno, ama urudi nyuma kabisa uungoje ushuke. Anayesimama katikati anapigia begani siku nzima.

Sevisi ya pili huku ina zawadi. Ile ya kuzungushwa kwenda juu inaruka sana ikidunda, tumia hiyo kumpeleka mpinzani nyuma. Ile ya kukata pembeni hupinda kidogo kuliko unavyotarajia, kwa sababu ile ile ya hewa kutokuwa na mshiko.

Ukishuka kucheza Bujumbura au Kinshasa, mambo yanapinduka: mipira yako inaishia wavuni na kudondoka katikati ya uwanja. Usibadilishe pigo siku ya kwanza. Legeza nyuzi kilo moja, pitisha mpira juu zaidi, jipe vipindi viwili vya mazoezi.

Fainali nyingine ya wawili hawa ikija, kabla ya kuangalia nani ana nafasi gani duniani, angalia mji uko mita ngapi juu ya bahari, kama paa limefungwa, na kama bendera juu ya jukwaa zinapepea. Kisha katika gemu nne za kwanza tazama kitu kimoja tu: mipira ya Świątek inayokosa inaangukia wapi. Ikipita mstari wa nyuma kwa kiganja au viwili, hewa inamkatalia, na Sabalenka yumo mchezoni. Ikidondoka ndani na Sabalenka anapiga mkono wake wa nyuma kutoka usawa wa bega, nyayo zake zikiwa mita mbili nyuma ya mstari, basi mko Roma.